Mahojiano Hewa ya Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tulimwita Profesa kabla hajapata hata digrii ya kwanza. Sebuleni kwangu alitandaza makaratasi ya utafiti wake kuhusu biashara ya fanicha zilizotumika, yaani biashara yangu mimi, inayomlisha. Dukani hakanyagi. Eti vumbi linamletea mafua.

Kutwa nzima anapanga orodha ya marejeo. Jina la ukoo mbele, koma, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlazo. Nukta ikikaa pabaya, anaguna kama mwenye uchungu wa kuzaa.

"Hivyo vitabu umevisoma?" nikamuuliza.

"Shemeji, mhadhiri haangalii umesoma nini. Anaangalia umeandikaje."

Nimeshauziwa makabati ya kutosha yenye vanishi nje na mchwa ndani.

Wiki ya kutetea utafiti, mwanamke mwenye miwani aliingia dukani akijipenyeza katikati ya vitanda. Mhadhiri wa Profesa. Alisema hajawahi kuona orodha safi namna ile, ndiyo maana ameamua kuifuatilia. Na mimi nimo: mfanyabiashara, mahojiano ya ana kwa ana. Nyuma yake Profesa, aliyelazimika kumleta, ananikonyeza, nikadhani ameingiwa na mdudu jichoni.

"Mzee, huyu alikuhoji?"

"Mwalimu, huyu naishi naye. Swali lake kwangu ni moja tu: chakula tayari?"

"Shemeji, jamani," akanong'ona Profesa.

Mhadhiri akafunua ukurasa. "Hapa umesema unaifanya biashara hii kwa kuipenda jamii."

"Mimi? Jamii ikija hapa inataka punguzo."

Profesa hakutetea utafiti wake. Aliambiwa arudi mwaka ujao na mahojiano ya kweli. Mke wangu alininunia. Eti nimemwangusha mdogo wake. Nikamwambia mdogo wake aliona tabu kuniuliza, lakini hakuona tabu kunizulia maneno.

Kesho yake Profesa akaja dukani, kalamu sikioni, mnyenyekevu kama mwali.

"Shemeji, nikuhoji sasa?"

"Shika upande ule wa kabati, tunapakia. Utauliza huku tunabeba."

Akalizunguka kabati, akalitazama, akakunja mikono ya shati taratibu. Kisha akauliza swali la kwanza la utafiti wake: kama nina glavu.