Chumvi ya Ndizi za Mama

Mama amepita themanini, nami mwaka huu natimiza sitini na tatu. Wiki iliyopita nilikuwa kwake Lufingo, nikimpikia ndizi na maharage, mvua ikipiga bati. Akiwa kwenye kigoda karibu na jiko, alinitajia wote waliozikwa migombani kwetu, mmoja mmoja, hata wale ambao makaburi yao hayaonekani tena. Hakukosea. Kisha akauliza, "Umetia chumvi?"

"Nimetia, mama."

Akarudi kwa marehemu wake. Haukupita muda, akauliza tena. Mara ya tatu nilimfokea: "Nimetia! Au unataka nimwage kopo zima?"

Daktari alishanieleza kwamba uzeeni kinachochoka kwanza ni kile kiganja cha akili kinachoshika jambo la sasa hivi; ghala la mambo ya kale huchelewa kuguswa. Nilimwelewa, lakini kuelewa hakujanipa subira. Tena naogopa. Siku hizi naingia chumbani, nasimama katikati, nisijue nilichofuata.

Nilipopakua, nikaonja. Chumvi ilikuwa imezidi mpaka uchungu. Hata ng'ombe asingemaliza. Kumbe kila alipouliza, mkono wangu ulikwenda kwenye kopo, nami sikumbuki hata mara moja.

Kabla sijaondoa sahani, mama alishachota. Akatafuna polepole, akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Bibi yako naye alianza hivihivi," alisema. "Kwa chumvi."