Vikombe vya Wageni

Kijana aliyetaka kumwoa dada yangu alitoka Bukavu na alikuwa akishona suti katika soko la Gikomba, Nairobi. Jamaa zake wote walikuwa Kongo. Baba mkubwa, kaka ya baba, alituma neno kutoka Machakos kwamba angekuja kwetu Shauri Moyo kusikiliza posa, lakini hatampa binti yetu mtu asiye na watu wa kumsemea. Dada alilia, akanawa uso, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, muda ninao. Hivyo ndivyo nilivyogeuka msemaji wa Wakongo.

Wiki nzima nilijisumbua. Nikisema "sisi" nikiwa upande wa pili wa meza, nitakuwa nimemkana baba? Nitumie lugha gani? Kikamba changu ni cha kuitwa kula na kufukuzwa jikoni. Kiswahili cha shuleni kingenifanya nionekane msomaji wa taarifa ya habari. Na Sheng ya mtaani, ambayo ndiyo ninayoota nayo, haisemwi mbele ya wazee. Nilifanya hata mazoezi ya kukohoa kabla ya kuanza kusema.

Siku ilipofika tulikuwa watu watatu: kijana, mimi, na jirani wa mlango wa pili anayeuza chapati, mzaliwa wa Vihiga, aliyekubali kuwa mama wa Mkongo kwa siku moja. Nyuma yetu walikuwa mbuzi wa ntheo tuliowanunua Kiamaiko. Kwa Wakamba, bila mbuzi hao hakuna ndoa. Tuliwafunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo, tukabisha hodi.

Mlango ulipofunguliwa, mama wa chapati alitupita sote, akaingia jikoni, akajifunga leso kiunoni na kuanza kukata vitunguu, kama afanyavyo kila tunapokuwa na shughuli. Mama yangu alimtoa kwa kumsukuma mgongoni.

"Leo wewe ni mgeni," alimnong'oneza. "Kaa kitini uringe."

Baba mkubwa akauliza kwa Kikamba tulitoka wapi. Swali nililielewa, jibu ndilo lililonishinda. Kijana alitoka Bukavu, mama alitoka Vihiga, na mimi nilikuwa nimetoka chumba cha ndani cha nyumba hiyo hiyo.

"Mlango wa pili," nikasema kwa Kiswahili.

Baba aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Baba mkubwa hakucheka. Alisema, sasa kwa Kiswahili, kwamba hana ugomvi na Kongo. Anachotaka kujua ni hiki: binti akipigwa au akilala njaa, wao watapanda basi kwenda kumtafuta nani huko? Nikakohoa kama nilivyojizoeza. Nyuma ya pazia la jikoni niliona vidole vya dada vikiwa vimekamata kitambaa.

"Mtakuja kwangu, mzee," akasema mama wa chapati. "Niko hapo tu. Huyu akimgusa mtoto wangu, atakula mwiko kabla basi lenu halijatoka Machakos."

"Mtoto wako ni yupi? Si umekuja na kijana?"

"Wote wawili. Huyo msichana nimemlisha chapati tangu hana meno."

Kijana akainamisha kichwa. "Ni kweli, papa. Miye namuogopa huyu mama kuliko polisi."

Baba mkubwa akauliza kama mbuzi wamepewa maji. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Mtu haulizi kiu ya mbuzi anaotaka kuwarudisha. Pazia likafunguka na dada akatoka na sinia, akicheka na kulia.

Niliinuka kwenda kuchukua sahani, kama kawaida yangu. Mama akanizuia.

"Mgeni, kaa."

Akaniletea chai kwenye vile vikombe vya maua vinavyokaa kabatini, ambavyo tangu utotoni sikuruhusiwa hata kuvigusa. Nikaanza kuwaza sasa mimi ni wa upande gani, na kama jioni nitaaga au nitabaki. Lakini chai ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Nikaomba ya pili.