Dawa ya Udongo

Mimi ndiye niliyempelekea mama vile vidonge. Nasema mapema, nisije nikajificha nyuma ya kiwanda.

Mama alikuwa na bustani ya lengalenga, yaani mchicha, bondeni, mwisho wa mtaa wetu wa Katuba, kando ya kijito kinachopita kwanza kwenye kiwanda cha kuyeyusha mukuba, yaani shaba. Majani yakaanza kugeuka njano na kujikunja. Mama hakulia, si mtu wa kulia. Aliinama, akachota udongo, akaunusa.

"Udongo iko mugonjwa," akaniambia. "Weye njo unatumikaka mu labo. Uniletee dawa."

Nilicheka mpaka machozi. Ni kweli nafanya kazi katika maabara ya kituo cha afya, na kabatini tulikuwa na antibiotiki zilizopita muda, vidonge vya rangi mbili, nyekundu na njano, vya kuchomwa moto. Nikamletea mfuko mzima, awape kuku, kama majirani wanavyofanya. Baadhi aliwapa kuku. Vingine alivifungua kimoja kimoja, akamwaga unga kwenye mashimo ya kupandia, akafukia. Nilimwona, nikamwacha, nikaona ni mchezo wa mzee. Mjinga mimi, na diploma yangu ukutani!

Msimu wa mvua, jembe likamkata mguuni. Akaosha kwa maji ya kijito, akafungua kidonge kati ya vilivyobaki, akamwaga unga juu ya kidonda. Nyumbani kwetu tumefanya hivyo tangu utoto. Wiki ya pili mguu ulivimba, ukanuka. Hospitalini walimchoma sindano ya dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na homa wala haikushtuka. Daktari akaniambia waziwazi: isipopatikana dawa inayofaa, ni mguu au ni uhai.

Usaha wake niliupima mwenyewe. Tunaotesha vijidudu kwenye kisahani, halafu tunaweka vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa ikifaa, panabaki duara tupu kuzunguka karatasi. Nilipofungua, hapakuwa na duara hata moja. Vijidudu vimeota mpaka kwenye ukingo wa kila karatasi. Mawe! nikalia, ole wetu. Nikashuka bustanini, nikachota udongo, nikaupima vilevile. Matokeo yaleyale.

Siwezi kuapa kwamba ni vijidudu vilevile. Lakini kijidudu kilichokaa miaka ndani ya mukuba unaoletwa na kijito kimejifunza kutapika sumu, na kinachojua kutapika mukuba mara nyingi kinatapika hata dawa. Vingine vinakufa, chenyewe kinabaki na kuzaana. Kiwanda kilivifundisha, mimi nikavipa mazoezi. Nina hasira na wote wawili.

Wakaukata mguu juu ya goti. Kwetu mguu uliokatwa hautupwi, familia inaupokea na kuuzika. Nilikabidhiwa ukiwa umefungwa ndani ya kikwembe, kitenge chake cha buluu.

"Muuzike mu bustani yangu," mama akasema, bado ana homa. "Kule njo kwangu."

Kuvirudisha vile vijidudu udongoni tena? Nikaupeleka makaburini, nikaumwagia chokaa, nikaufukia. Kisha nikarudi nikamdanganya: ndiyo, mama, mwisho wa tuta la tatu.

Homa ikashuka, akarudi nyumbani na magongo yake. Kisha yakaanza maumivu.

"Ule muguu unaniuma," anasema. "Kule chini. Kidole kikubwa."

Nikamweleza habari za neva na ubongo, kwamba ubongo bado unausikia mguu usiokuwepo. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma.

Jumamosi iliyopita nilimkuta bustanini, ameketi chini mwisho wa tuta la tatu, magongo pembeni. Mkononi alikuwa na kidonge, chekundu na njano. Niliamini nimevichoma vyote vilivyobaki baada ya mguu kukatwa, sijui hicho alikificha wapi. Akakifungua, akamwaga unga polepole juu ya udongo, akaufunika kwa kiganja na kuupapasa.

"Sasa muguu utatulia," akasema. "Ulikuwa unateseka, mwanangu, na hakuna mwenye alikuwa anauletea dawa."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mguu hauko pale. Badala yake nikamsaidia kusimama, tukachuma lengalenga ya chakula cha mchana, tukarudi nyumbani.