Ng'ombe wa Shangazi

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa baraza huku milimani, Upare ya kusini, na nilijiona mtu. Kwa hiyo Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alipopanda kutoka Same kutangaza kwamba askari wala rushwa sasa basi, nilipiga makofi kuliko wote. Kila aliyeonewa aandike barua, alisema, aifunge kwa lakiri, na asiifungue mtu njiani.

Shangazi yangu, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba, aliyemkatia majani na kumlisha ndani ya nyumba. Askari wa baraza alimswaga akaenda naye kwake, eti matuta ya shamba hayakufuata amri. Uongo mtupu. Matuta yale niliyapima mwenyewe.

"Mwanangu, si wewe una kalamu?" shangazi aliniuliza.

Niliandika barua ndefu, nikaitia lakiri, na nyuma ya bahasha nikaandika jina la shangazi kwa mwandiko mzuri. Kisha nikaitumbukiza kwenye mfuko wa barua, kama kila Jumatatu. Mbebaji wa mfuko alikuwa askari yuleyule. Nililijua hilo miaka yote, na siku ile halikunijia kichwani, mjinga mimi!

Wala hakuifungua. Ilifika salama, na majibu akayaleta yeye mwenyewe mgongoni: Bwana Shauri ameshukuru, baraza lichunguze. Mfumwa, mtawala wetu, akampa kazi hiyo askari, kwa kuwa ndiye aliyelijua shauri lenyewe. Mimi nikaambiwa nifuatane naye, niandike.

Askari alisimama mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Pembeni, pale alipokuwa akilala ng'ombe, palikuwa na majani mabichi. Shangazi alikuwa bado anakata.

"Mama, una malalamiko yoyote juu yangu?"

Shangazi hakumtazama. Alinitazama mimi, akangoja. Nilikuwa na mke, mtoto na kazi ile. Niliona aibu, nikainamia karatasi yangu.

"Sina, baba," alisema hatimaye.

"Karani, andika."

Niliandika. Shangazi hakujua kusoma, basi nilikishika kidole gumba chake, kikiwa bado na utomvu wa majani, nikakipaka wino, nikakigandamiza kwenye karatasi.