Mkando wa Chini ya Leso

"Simu nimeikalia, na sinyanyuki mpaka tukubaliane," alisema Bi Amne.

"Bi Amne, nipe simu yangu."

"Tukubaliane kwanza."

"Tukubaliane nini na mwanao hapati pumzi?"

"Upepo wa uzazi huo. Hata mimi ulinishika."

Bi Amne hakuwa mwanamke wa kunyanyuliwa. Siku alipoingia kwenye lifti ya jengo lile na gunia lake la unga wa muhogo kutoka Unguja, lifti iliomba radhi kwa Kiarabu, ikaomba tena kwa Kiingereza, kisha ikateremka yenyewe mpaka chini kabisa ikalala huko siku nzima. Sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha bintiye, na chini yake zilikuwa simu mbili, yake na ya Rukiya aliyesimama mbele yake. Simu ya bintiye, Sharifah, alikwenda nayo mumewe kazini, kwa kuwa ya mume ilivunjika kioo. Watu wengine wote wa fleti ile walikuwa makazini. Mlango wa chumba aliuziba kwa magoti yake.

Kitandani alilala Sharifah mwenyewe, mzazi mchanga, bado ndani ya arobaini yake, na kichanga kimelala kwenye beseni la nguo kama muhindi kwenye ganda. Rukiya alikuwa amemfunua leso miguuni muda mfupi tu uliopita. Mguu wa kulia ulikuwa mguu. Wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ulikuwa umejaa na kung'aa kama biringani.

"Nakuambia hivi," alisema Bi Amne. "Wakija wale wa gari la wagonjwa watauliza nani kamkanda. Utasema ni mimi. Mimi mamake. Hakuna serikali duniani inayomfunga mama kwa kumkanda mwanawe. Wewe hukugusa. Wewe ulikuwa kazini kwako. Kubali nikupe simu."

Rukiya alimtazama Sharifah kifua kikipanda na kushuka kwa pupa.

"Haya," alisema. "Nimekubali."

Bi Amne alinyanyua upande mmoja, akaitoa simu ikiwa moto kama mkate wa ajemi.

Huyo Rukiya alikuwa mtu wa Kilifi, na mikono yake ilikuwa na sifa kabla yeye mwenyewe hajawa nayo. Bibi yake alikuwa mkandaji wa wazazi, na mtoto alianza kumshikia chungu cha maji tangu hajang'oa jino. Kilifi wanasema aliwahi kumkanda punda aliyeteguka bega, na punda yule alitoka pale akaenda moja kwa moja kuposa. Lakini Rukiya hakutaka kubaki na mikono ya kusifiwa na punda. Alikwenda Nairobi akasomea fiziotherapia, tiba ya viungo, akavaa koti jeupe hospitalini miaka kadhaa, akawarudisha wazee waliopooza kwenye vijiko vyao. Kule ndiko alikofundishwa kwamba mkono ni wa mwisho. Kwanza unauliza. Kisha unatazama, mguu huu na ule, unalinganisha. Kisha unaomba ruhusa. Ndipo mkono.

Akaja Dubai, na Dubai ikamwambia mikono ile haina leseni ya hapa. Mpaka afanye mtihani, mpaka barua zitoke nyumbani, mpaka idara iridhike. Akapata kazi kwenye saluni ya wanawake hapo hapo Jumeirah Village Circle, masaji ya kupumzisha tu, na madam wake alimwonya siku ya kwanza: mwenye maumivu mwambie aende hospitali, hapa tunapaka mafuta, khalas, basi.

Akatii. Fleti yao ilikuwa imegawanywa kwa mbao nyembamba, hata mtu akiota ndoto jirani huisimulia asubuhi, kwa hiyo haikuchukua siku nyingi jengo zima kujua kwamba kwenye bedspesi ya pembeni, kile kitanda cha kukodi, analala daktari wa mifupa. Walikuja. Alikuja Alfred, mlinzi wa ghala kule Jebel Ali, amepinda mgongo kiasi kwamba alikuwa akiwasalimia watu kwa kuangalia viatu vyao. Rukiya alimwelekeza mazoezi kwa mdomo tu, amesimama mlangoni, mikono kaifunga nyuma kama mfungwa.

"Si unishike tu kidogo, daktari?" Alfred aliuliza. "Nani anaona?"

"Naona mimi."

Hivyo ndivyo alivyoishi. Na mtihani akaufanya, akaupasi. Zahanati moja ya Marina ilimwita, ikamuuliza maswali, ikampenda, ikamwambia inshallah leseni ikitoka aanze. Alikuwa ameshanunua viatu vyeupe. Vilikuwa ndani ya boksi lao chini ya kitanda, na wenzake chumbani walikuwa wakimtania kwamba usiku vinatembea peke yake kwenda Marina na kurudi.

Kisha Sharifah akajifungua. Bi Amne alitafuta mkandaji Dubai nzima asimpate. Mmoja alikuwa amerudi Mombasa, mwingine kashaacha anauza manukato. Na mzazi wa kwao hawezi kukaa arobaini bila maji ya moto, bila kufungwa tumbo, bila kukandwa. Yangekuwa maneno mpaka Unguja. Bi Amne akaja akakaa miguuni pa Rukiya, akalia.

"Sikuombi udaktari, mwanangu. Udaktari wako uweke huko huko. Nakuomba mkando wa bibi yako."

Na Rukiya alijidanganya hapo. Alijiambia kuwa hili si la leseni wala la sheria, hii ni mila, mila haina idara. Alipoingia chumbani kwa mzazi alivua kila alichofundishwa Nairobi akakiacha mlangoni na makubazi yake. Kwa sababu mkandaji hamuulizi mzazi maswali; anayesema ni mama yake. Na mkandaji hamfunui mzazi. Anapitisha mikono chini ya leso, macho kayaelekeza ukutani, kwa stara. Ndivyo bibi yake alivyofanya maisha yake yote.

Akakanda chini ya leso. Mgongo, nyonga, mapaja, akateremka. Mama mtu alikuwa kichwani amemshika bintiye mabega. Alipofika nyuma ya mguu wa kushoto Sharifah aliguta, akasema unauma, hapo panauma sana. Bi Amne akamwambia anyamaze, mzazi anakandwa hatekenywi. Na kidole gumba cha Rukiya kilisita, kwa kuwa pale palikuwa na moto. Lakini taulo lilikuwa limetoka kwenye maji yanayotokota, na kila kitu chini ya leso kilikuwa cha moto. Akasema moyoni ni maji. Akaminya. Akashuka mpaka kisigino, akarudi juu, kwa nguvu zote za Kilifi. Alifanya hivyo juzi, na jana akarudia.

Katika mtihani wake kulikuwa na swali hilo hilo. Mwanamke aliyejifungua karibuni, amelala muda mrefu, mguu mmoja unauma na una joto, utafanya nini? Alilijibu haraka sana, akatabasamu mbele ya kompyuta. Usiguse. Mpeleke kwa daktari sasa hivi. Kuna damu imeganda mle ndani, na ukiisukuma itapanda mpaka kifuani.

Rukiya alipiga simu ya gari la wagonjwa, ikapokelewa. Akataja jengo, akataja ghorofa. Akasema mzazi, mguu umevimba, pumzi fupi. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamume mpole, na Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu. Akauliza kama mgonjwa amefanyiwa chochote.

Bi Amne alikuwa amemkodolea macho.

"Amekandwa mguu," alisema Rukiya. "Jana na juzi. Kwa nguvu, nyuma ya goti kuteremka na kupanda, na palikuwa na joto."

Akaulizwa nani alimkanda.

"Mimi. Mimi ni mfiziotherapia. Sina leseni ya hapa."

Akarudia jina lake mara mbili, herufi kwa herufi, kwa sababu yule bwana hakulisikia vizuri. Akaambiwa asimtembeze mgonjwa, gari linakuja. Kisha akampigia Mahfudh, mume, akamwambia aje, asiulize. Akaiweka simu kwenye godoro.

"Uliniambia umekubali," alisema Bi Amne.

"Nilitaka simu."

"Muongo we."

"Ndiyo."

"Unajua ulichojifanyia? Viatu vile utavivaa wapi sasa? Utawavalia punda wa Kilifi?"

Rukiya alikuwa amemwinua Sharifah kidogo kwa mto, akauacha mguu ulale bila kuushika, akawa anahesabu pumzi zake kisha akaacha, kwa kuwa hesabu ile haikumsaidia yeye wala mgonjwa.

"Neno la simu ni upepo," Bi Amne aliendelea, sasa kwa sauti ya chini ya kubembeleza. "Wakija nitasema mimi. Nitasema huyu binti amechanganyikiwa, joto la Agosti, hajala tangu asubuhi. Watamwamini nani, mtu mzima au mtoto?"

Na kwa muda mfupi Rukiya alilitaka hilo. Alilitaka kama mtu wa jangwani anavyotaka maji. Alijiona Marina, koti jeupe, mlango wa kioo unaojifungua wenyewe.

"Watakuuliza uliminya wapi," alisema mwishowe. "Na kwa nguvu gani, na palikuwa na joto au hapakuwa nalo. Wanataka kujua damu imesukumwa kiasi gani. Utawaambia nini?"

"Damu gani imesukumwa?"

"Iliyokuwa imeganda mguuni."

"Mguuni kuna damu iliyoganda, na hapa," Bi Amne aligusa kifua chake mwenyewe, "hapa inafikaje?"

Sharifah akafumbua macho.

"Mama," alisema, na ikabidi apumzike katikati. "Mwache. Nilikwambia... panauma."

Ule mwili mkubwa ulioshinda lifti ukaanza kupungua mbele ya macho, mabega yakateremka, shingo ikaingia ndani, mpaka akawa kikongwe kidogo kilichosahauliwa ukingoni mwa kitanda cha mtu. Aliitazama mikono yake. Akaigeuza.

"Mimi nilimshika mabega," alisema. "Alitaka kuinuka nikamshika."

Kichanga kiliamka kikaanza kulia, na hakuna aliyekwenda kukichukua. Nje lifti ililia kwenye ghorofa yao, na viatu vizito vikaja kwenye korido.

"Rukiya."

"Naam, Bi Amne."

"Ulisema joto. Umewaambia kwenye simu, hapa umesema tena. Ulipolishika lile joto, mwanangu, kule chini ya leso, wewe uliyesoma... uli—"

Mlango ukasukumwa. Mahfudh aliingia na kizibao chake cha ghalani, jasho limemlowesha mpaka kiunoni, na nyuma yake wawili wenye sare wakasukuma machela, mmoja akiuliza kwa Kiingereza ni yupi kati yao anayeitwa Rukiya.