Kaniki ya Mama Mkubwa

Watu wa Mzenga wakikuambia kwamba mama yangu, Mwanakheri binti Kondo, alikuwa na maringo, usibishane nao. Alikuwa nayo. Ila mikono yake ilimpa haki ya kuringa. Hakuwa na cherehani, alishona kwa mkono tu, na mafundi wa Kisarawe waliwahi kuigeuza kazi yake nyuma na mbele wakitafuta kosa, wakalikosa. Asije mtu akasema nampamba kwa kuwa ni mama yangu. Nitamsema pia, ngoja tu.

Kushona mfarishi aliiba kwa macho. Sote tulijua kuunga viraka, kiraka kando ya kiraka, ukatia sufi ndani, ukapata kitu cha kulalia. Lakini mke wa Mhindi mmoja mwenye duka alikuwa akianika mifarishi yake juani, na ile ilikuwa na namna nyingine: kila mraba umesimama kwa ncha, na safu zinakwenda mshazari. Mama akipeleka mihogo kule alisimama kutazama mpaka akafukuzwa. Akarudi nyumbani, akajaribu kwa matambara ya baba, akaharibu, akafumua, akajaribu tena. Mwisho akaelewa. Huanzi upande mmoja ukaenda wa pili, unaanzia pembeni kabisa na kiraka kimoja, safu inayofuata inakuwa ndefu zaidi, na kila safu unaiziba mwanzo na mwisho kwa pembetatu. Hizo pembetatu ndizo kazi yenyewe. Ukizikata kinyume na uzi wa kitambaa, ukingo unavutika na mfarishi haulali sawa kitandani maisha yake yote.

Sasa, kwetu sisi palikuwa na desturi. Binti akiolewa, wanawake wa upande wa mama yake hutoa kila mmoja kipande cha nguo aliyoivaa mwenyewe, na mama huvishona mfarishi wa bibi arusi. Siku ya arusi mfarishi hutandikwa mbele ya wanawake, kila mtu hutafuta kipande chake, huweka mkono juu yake na kumwombea binti. Asiyeweka mkono ni kama hakukuoza.

Mimi niliolewa Mbwawa, kwa Mashaka, miaka michache kabla ya vita vya pili. Kanga zikaletwa za kila rangi. Mama mkubwa Biubwa, dada yake mama, akaja kutoka Marui na kipande cha kaniki, ile nguo nyeusi ya kulimia. Alikuwa mjane, analima peke yake, na kaniki ndiyo nguo aliyokuwa nayo, basi akakata pale palipokuwa bado pazima. Na huyu ndiye aliyemlea mama. Bibi yetu alikufa mama akiwa hajaacha ziwa, na Biubwa, naye msichana tu, akambeba mgongoni, akalima naye, akamtafunia chakula.

Mama aliigeuzageuza ile kaniki siku nzima. Kisha akasema kaniki ni ngumu, na ukingoni ndiko kunakovutwa, kwa hiyo iende ukingoni. Akakata pembetatu zote humo, akauzungushia mfarishi. Nao ulipendeza, sisemi uongo. Kanga zote ziliwaka katikati ya ule weusi.

Siku yenyewe wakwe wamejaa mkekani, na mbele kabisa amekaa mama mkwe wangu, Zubeda, mwanamke wa kumpima mtu kuanzia unyayo. Mfarishi ukatandikwa. Wanawake wakainama, huyu kaona chake, yule kaona chake, mikono ikawekwa, vigelegele. Mama mkubwa akatafuta katikati. Akarudia kutafuta. Ndipo akaona kaniki yake kule kando.

"Mwanakheri," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ndiye wa kukatwa vipande na kuwekwa pembeni?"

Jibu lilikuwapo. Angemwambia, dada, wewe ndiye unayewashika wenzako wote wasivutike, na mambo yangekwisha palepale. Lakini mama alimwona mama mkwe wangu anamtazama, akacheka. Kicheko kidogo, cha kuwaambia wageni wasimjali huyu. Wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami naona kicheko ni kibaya kuliko ulimi, maana hakina neno la kuliombea radhi. Mama mkubwa hakuweka mkono. Alijitanda kanga aliyokuja nayo ya kuazima, akashika njia ya Marui, na pilau haijapakuliwa.

Mama akawa anatuma salamu kwa kila apitaye. Jibu lilikuwa kwamba zimefika, basi. Baba yangu, Kitwana, alimsihi aende mwenyewe, naye akaruka juu: amekosa nini yeye? Ukingo unataka kitambaa kigumu, kaniki ni ngumu, nani asiyejua? Aliyasema hayo kwa majirani, kwa wageni, kwangu mimi nikija kumwona, mpaka siku moja nikachemka nikamwambia hakuna aliyemwuliza habari za ukingo. Akaninunia mpaka narudi Mbwawa.

Vita vikaja, nguo zikaadimika, vita vikaisha. Baba akafariki. Mama mkubwa hakuja msibani, ila alituma mtu na unga wa matanga, na mama aliulilia ule unga kuliko alivyomlilia mumewe. Alipotoka eda tulikuwa tumekaa tunapukuchua mahindi, akaanza kusema bila kuniangalia.

"Mwanne, kaniki ni ngumu kweli. Lakini mimi niliona haya. Sikutaka mama mkwe wako aikute katikati, ajue dada yangu anavaa nini. Habari ya ugumu niliitafuta baadaye."

Nilimhurumia, na hasira nilikuwa nazo pia. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuja ameshaota ndevu. Nikamwambia tu tuondoke, kesho yake tukaenda Marui.

Tulimkuta mama mkubwa kibarazani kwa mwanawe. Mkamwana akatutahadharisha kwamba siku hizi bibi hawatambui watu, hata mwanawe humwita kwa jina la marehemu baba yake. Mama hakusikia, au hakutaka kusikia. Alipiga magoti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama. Karibu. Mmetoka wapi?"

"Mzenga."

Uso wa mama mkubwa ukachangamka. Akasema Mzenga ana mdogo wake, Mwanakheri, je, tunamjua? Mama akamwambia anamjua.

"Nilimkasirikia siku moja, hata sikumbuki kwa nini," akasema mama mkubwa. "Mwambie aje. Namngoja yeye tu."

"Dada, ni mimi. Ndimi Mwanakheri."

Mama mkubwa akamtazama vizuri, kichwa chenye mvi, meno yaliyopungua, akampapasa mkono kwa huruma.

"Hapana, mama. Mwanakheri wangu bado mdogo."

Mama hakurudi nami. Alikaa Marui akimwogesha dada yake na kumlisha mpaka Mungu alipomchukua, na kila asubuhi alitumwa upya aende Mzenga akamwite Mwanakheri.