Haifeni Mwisho wa Mstari

Jana barua yangu ilirudishwa mezani kwa mara ya tatu. Haina kosa lolote ila haifeni, kale kakistari kanakounga maneno ya Kiingereza. Mkubwa wangu anakataka, kisha hakataki, kisha anakataka tena. Tangu niajiriwe na serikali ya kaunti hapa Isiolo tumeandikiana barua mpaka basi, na bado kakistari kanatushinda. Nilicheka kwa hasira, rafiki yangu, maana mimi na haifeni tulikosana zamani, nikiwa darasa la sita.

Kaunti ilikuwa bado changa wakati huo. Niliishi na nyanya mtaa wa Chechelesi, chumba kimoja cha kupanga, jiko la makaa mlangoni, vumbi mpaka kwenye chai. Nyanya hakujua kusoma, lakini daftari alilikagua kuliko mwalimu mkuu. Kila jioni, githeri ikitokota, alifuta mikono, akaniambia nifungue, akapitisha kidole gumba ukingoni mwa ukurasa. Akiona weupe, anang'aka: "Hapa umewachia nani?" Mstari ulitakiwa ujae mpaka mwisho, la sivyo daftari jipya nisahau.

Sasa niambie, ningefanyaje? Neno likikosa nafasi nililikata popote, nikatia haifeni, nikamalizia chini. Nilikata hata "the", herufi mbili juu, moja chini. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja kutoka Meru ambaye hakuvua sweta hata jua likiwaka, alikaribia kulia. Alitufundisha kwamba haifeni ina adabu yake. Inaunga maneno yakawa kitu kimoja, kama mother-in-law. Mwisho wa mstari inagawa neno refu, tena penye silabi, si pale mtu anapoishiwa na karatasi. Neno fupi halikatwi, linashuka lote. Haya, nikiliacha lishuke, weupe unabaki, na nyumbani nyanya ananingoja na kidole chake. Walinichosha wote wawili.

Mwalimu naye akachoka. Siku moja alichana kurasa zangu za insha, akaniamuru niandike upya. Jioni nyanya akalishika daftari, akalipima mkononi, akajua limekonda.

"Karatasi imeenda wapi? Umeuzia mama njugu, afungie wateja njugu zake?"

"Ni mwalimu amezichana, nyanya."

"Mwalimu anaharibu kitabu? Wacha kunidanganya!"

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alitoka akawaambia majirani wote wa ploti kwamba mjukuu wake amekuwa mwizi, na wiki nzima watoto wakawa wananificha kalamu zao nikipita. Iliniuma mpaka nikakosa hamu ya kula.

Jumatatu iliyofuata akajifunga leso, akanikokota hadi shuleni kuuliza mwenyewe. Mwalimu alikiri palepale, kwa aibu, kwamba kurasa alizichana yeye. Akamwonyesha maneno niliyokuwa nimeyakatakata.

"Na hii kakistari inasema nini?" nyanya akauliza.

"Inamwambia anayesoma kwamba neno halijaisha, mama. Angoje, linaendelea chini."

"Basi si ungengoja, mwalimu?"

Mwalimu alifunga daftari, akanirudishia. Tukarudi kwa miguu, jua la mchana likituchoma, nami nikingoja nyanya aniombe msamaha. Hakuniomba. Alikwenda moja kwa moja mlango wa kwanza wa ploti, akabisha.

"Ile maneno nilisema juu ya huyu mtoto, nilikosea. Yeye si mwizi. Mwalimu ndiye alitoa karatasi."

Akaenda mlango wa pili. Akaenda wa tatu. Goti lake lilikuwa bovu, lakini alimaliza ploti nzima, akavuka barabara hadi kwa mama njugu, na kila mahali alieleza upya tangu mwanzo bila kufupisha.

Ile ploti imebomolewa, pamejengwa maduka ya ghorofa. Nyanya tulimzika mwaka nilioingia chuo. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti ukutani, na sijaona hata mmoja aliyezunguka ofisi hivyo kukiri kwamba alimsingizia mdogo wake kazini. Lakini kinachonikera zaidi si wao. Ni mimi. Mchana ule nilikuwa nimenuna, nikamfuata hatua kumi nyuma, mlango baada ya mlango, nikijifanya simjui.